Nikizima Haitawaka

Wanangu mnaojifunza umeme wa magari, naanza na ombi moja: muionee betri huruma. Gari likigoma kuwaka asubuhi, kila anayepita anaisema betri. Dereva anaipiga teke, jirani anasema imekufa, na fundi mwenye haraka anamtuma mwenye gari dukani akanunue nyingine. Betri mpya inafungwa, gari linawaka, watu wanashukuru. Siku chache baadaye gari limelala tena pale pale. Betri ni kama pipa la maji uani. Ukilikuta tupu asubuhi, bado hujui kama limetoboka, au bomba halikuleta maji, au kuna mtu kaacha koki wazi. Kwanza jua ni lipi kati ya hayo, ndipo umtume mtu dukani.

Mimi ni Zaituni. Nimefanya kazi hii hapa Singida Mjini, kwenye kibanda cha mabati kando ya barabara iendayo Dodoma, tangu miaka ile magari yaliyotumika ya Kijapani yalipoanza kumiminika, mpaka magoti yangu yalipokataa kuchuchumaa. Nilifanya kazi na mume wangu, Juma. Kila ninachokijua kuhusu magari alinifundisha yeye, na miaka yote hiyo tuliyofanya pamoja alikuwa haoni.

Niwape kisa kidogo cha kuchekesha kwanza, mjue tulivyokuwa tukifanya.

Palikuwa na mfanyabiashara mmoja wa vitenge, mtu mnene mwenye moyo mzuri, aliyenunua gari dogo la Kijapani. Kila jioni gari zima, kila asubuhi betri tupu. Alikwishabadilisha betri, akabadilisha na alteneta, yaani ile mashine inayozungushwa na injini ili irudishe umeme kwenye betri. Hola. Akaja kwetu. Juma akaniambia nichomoe waya wa hasi kwenye betri, niweke taa ya kupimia katikati ya huo waya na nguzo ya betri, gari likiwa limezimwa kila kitu. Taa ikawaka. Maana yake kuna kitu humo ndani kinakunywa umeme gari likiwa limelala. "Chomoa fyuzi moja moja," akasema, "taa ikizima uniambie." Nikachomoa, nikachomoa, mpaka ikazima. Fyuzi ile ilikuwa ya redio, ya taa ya ndani na ya taa ya buti. Redio mwenyewe alishaing'oa, na taa ya ndani ilikuwa imezimwa. Imebaki buti.

"Lakini buti likifungwa, taa si inazima?" akauliza mfanyabiashara.

"Nani amewahi kuwa ndani akaona?" Juma akajibu. "Mtu aingie."

Mfanyabiashara akalitazama tumbo lake. Nikarudisha fyuzi na waya wa betri, nikaingia mimi. Juma akapapasa, akafunga.

"Unaona nini?"

"Naona mpaka kucha zangu! Inawaka!"

Nikamsikia anacheka kule nje. Kisha sauti yake, ya upole kabisa: "Mama Halima, ufunguo wa buti anao mwenye gari, na mwenye gari ameenda kununua soda." Basi nikalala mle kwenye mwanga kama maiti iliyoandaliwa vizuri, Juma akinisimulia habari za mji kupitia kwenye bati ili nisiogope. Buti lilipofunguliwa, mama mmoja aliyekuwa akipita na sinia la vitumbua aliona mwanamke anatoka humo amejifunga kanga, akapiga ukunga mpaka watu wakajaa. Kiswichi cha taa kilikuwa kimepinda tu. Nilikinyoosha kwa koleo na ugonjwa ukaisha. Ninyi siku hizi mna simu. Iacheni simu irekodi humo ndani, msiingie wenyewe.

Sasa mtauliza ilikuwaje mshonaji akaingia chini ya boneti. Maana mimi nilikuwa mshonaji. Baba yangu alikuwa na duka la vitambaa sokoni, na tangu nikiwa msichana nilikuwa na cherehani yangu barazani. Nguo za Idi, nguo za Krismasi, sare za shule, zote zilipita chini ya sindano yangu. Kisha biashara zikafunguliwa. Mabelo ya mitumba yakaingia, na gauni zima lililoshonwa Ulaya likawa rahisi kuliko kitambaa peke yake. Sikuwalaumu watu, hata mimi nilivaa mitumba. Lakini cherehani yangu ikanyamaza.

Kwa Juma ilikuwa kinyume. Yeye alikuwa fundi umeme kwenye karakana moja ya umma. Karakana ilipopunguza watu alirudi nyumbani na spana zake kwenye mfuko wa turubai, akajenga kibanda. Milango ile ile iliyoleta mitumba ikaleta na magari. Mtu ambaye miaka ya nyuma angesubiri kibali mpaka nywele ziote mvi, sasa ana pikapu. Na spea zilikuwepo, lundo kwa lundo, nyingine nzuri, nyingine zimepakwa rangi tu zionekane mpya. Juma alikuwa na kazi tele. Mimi nilibaki kupunguza suruali za mitumba za watu wanene ziwatoshe watu wembamba.

Betri ndiyo iliyomtoa macho. Nawaambia jinsi ilivyokuwa ili msirudie. Betri ikichajiwa inatoa gesi. Huioni, na cheche moja inatosha kuiwasha. Asubuhi moja alikuwa na betri kwenye chaja ndani ya kibanda, upepo wa Singida mnaujua, akawa amefunga dirisha kwa sababu ya vumbi. Mtu akamsalimia barabarani. Juma akageuka kujibu, na mkono wake ukatoa klipu ya betri kabla hajazima chaja. Klipu ikatoa cheche. Nilisikia mlio nikadhani tairi la lori limepasuka. Nilimkuta amepiga magoti, ameshika uso, tindikali ya betri iliyopasuka ikimchuruzika. Nilichukua ndoo ya maji nikammwagia, nikachota tena nikammwagia, huku nikipiga kelele watu walete maji zaidi. Hospitalini waliniambia maji yale yaliokoa uso wake. Macho hayakuokoka. Moja lilizimika kabisa, lingine lilibaki kujua tu kama ni mchana au ni giza.

Basi: zima chaja kwanza, ndipo utoe klipu. Vaa miwani. Fungua dirisha hata kama vumbi linaingia. Na maji yawe karibu kila siku, hata siku ambayo huna betri.

Baada ya hapo Juma alikaa ndani. Alikula, aliswali, alijibu salamu. Mwanetu Halima akimkalia mapajani alimshika vizuri, lakini hadithi alizokuwa akimpa zilikwisha. Aliniomba nizifunike spana zake kwa gunia, kisha nikamsikia anauliza kama nimezifunika kweli. Wateja walikuja, nikawaambia fundi ameacha kazi. Wakaacha kuja. Nilijua nina mume hai ndani ya nyumba, na nilimkumbuka kama mtu aliyesafiri.

Hali ikaendelea hivyo mpaka alipokuja mzee Samweli.

Ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda. Nikasikia pikapu inakuja, inakohoa, inasimama mbele ya nyumba bila kuzimwa. Ilikuwa gari la Kiingereza la zamani, rangi imeliwa na jua, mlango mmoja umefungwa kwa kamba. Dereva wake alikuwa mzee mrefu. Alisimama mguu mmoja chini, mguu mmoja bado ndani, kama mtu aliyemshika ng'ombe mkorofi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mkwe. Wewe si mke wa Juma wa Kinyangiri? Mimi ni Samweli, shamba langu linapakana na la kwao. Mumeo yupo?"

"Yupo, mzee, ila kazi aliacha. Zima gari, uingie unywe maji."

"Nizime?" Akanitazama kama nimemwambia achome nyumba. "Mkwe, nikizima haitawaka."

Akanieleza pale pale, sauti ikishindana na injini. Mkewe, Raheli, ambaye sisi kwa heshima tulimwita mama Raheli, alikuwa hospitali hapa mjini. Alipasuliwa tumbo, akapona, na daktari amesema kesho aende nyumbani. Tatizo ni safari ile ya kumleta. Njiani walisimama kupisha kundi la ng'ombe, gari likazimika, likagoma. Mkewe alikuwa nyuma kwenye godoro, jua likimpiga, hakuna mti, hakuna nyumba. Walikaa mpaka lori likapita na watu wakashuka kusukuma.

"Alikuwa anauma shuka," mzee akasema. "Anauma shuka asilie, ili mimi nisiogope. Siwezi kumfanyia vile tena. Nimenunua betri mpya. Nimenunua na alteneta kwenye lundo pale mjini, fundi akaifunga. Bado. Nikikimbiza kwenye tambarare inapona, nikienda polepole kwenye mashimo inaugua. Leo nimekuja nayo bila kuizima tangu kwangu."

Nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia pole, ajaribu kwa fundi mwingine. Sauti ikatoka ndani ya nyumba.

"Mwambie asizime."

Nilisimama pale pale. Ilikuwa sauti ya Juma wa kibandani, ile ambayo nilikuwa sijaisikia tangu ajali.

"Zaituni! Njoo unishike mkono, nitoke."

Alitoka. Alifika kwenye pikapu, akampa mzee Samweli shikamoo, kisha akaweka kiganja juu ya bati la mbele na kuinamisha kichwa. Kuku walipita katikati ya miguu yetu.

"Mkanda wa feni umelegea kidogo," akasema, "lakini huo si ugonjwa wenyewe. Zaituni, kalete mita."

"Mimi?"

"Mimi nitaisomaje?"

Nikaenda kufunua gunia. Mita ilikuwa juu. Nilikuwa sijawahi kuishika kwa kazi. Akanielekeza: mguu mwekundu kwenye chanya ya betri, mweusi kwenye hasi, kitufe kizungushwe mpaka kwenye alama ya volti. Soma.

"Kumi na mbili na kidogo."

"Mzee, washa taa kubwa."

"Inashuka," nikasema. "Bado inashuka."

"Basi haichaji. Injini ikiwa inanguruma, ukipima pale unatakiwa uone kumi na nne, au karibu na hapo. Ukiona kumi na mbili inayoshuka, gari linakula akiba. Mzee, kanyaga mafuta. Kanyaga zaidi."

Injini ikalia. Mshale ulilala kwanza, kisha ukaruka ghafla.

"Kumi na nne! Juma, imeruka!"

"Aha," akasema, na uso wake ukawa kama wa mtu anayesikia jina lake likiitwa mbali. "Alteneta ni nzima. Imelala tu, na hakuna wa kuiamsha. Sasa mzee, zima gari."

"Juma, mwanangu."

"Zima, mzee. Ninachokitaka hakionekani likiwa linawaka."

Mzee Samweli alifumba macho, akageuza ufunguo. Kimya kikatanda mpaka tukasikia upepo kwenye mabati.

"Fungua ufunguo tena, usiwashe. Zaituni, ingiza kichwa ndani. Kwenye dashibodi kuna kataa kekundu kadogo, kana alama ya betri au kana maandishi. Kanawaka?"

"Hakuna kinachowaka."

"Mzee, kaliwahi kuwaka?"

"Zamani," akasema mzee Samweli. "Kakafa. Nikaona afadhali, maana kalikuwa kananitisha."

Hapa msikilize vizuri wanangu, kwa sababu magari ya zamani bado yapo vijijini na mashine zenu za kusomea hitilafu hazina pa kuchomeka. Alteneta nyingi za wakati ule haziamki zenyewe. Zinahitaji umeme kidogo wa kuanzia, na umeme huo unapita kwenye kale kataa kekundu. Ufunguo ukifunguliwa, taa inawaka na alteneta inapata chakula chake cha asubuhi. Injini ikizunguka na chaji ikianza, taa inazima. Balbu ikiungua, njia imekatika. Dereva akikimbiza sana, alteneta inaweza kuamka kwa nguvu ya mzunguko. Akienda polepole kwenye mashimo, haiamki, na betri inakwisha. Mzee wa watu alinunua betri na alteneta. Ugonjwa ulikuwa kwenye balbu ndogo kuliko ncha ya kidole.

Nyuma ya dashibodi ile palikuwa pembamba. Juma alipitisha mkono ukakwama. Wangu ukapita, maana mkono uliozoea kuongoza kitambaa chini ya sindano unajua kuona bila macho. Nikaitoa balbu, nyeusi kama imekaangwa. Ndani ya boksi tukapata nyingine iliyotoka kwenye gari lililokufa. Nikaiweka.

"Fungua ufunguo, mzee."

Kakawaka.

"Kekundu?" Juma akauliza.

"Kekundu."

Akaitikia kwa kichwa polepole. Mzee Samweli akageuza ufunguo kuwasha. Ta! Mlio mmoja tu, kisha kimya. Akageuza tena. Ta! Akaweka paji la uso juu ya usukani.

"Nilisema mimi," akasema. "Nilisema nikizima haitawaka. Sasa nitamwambia nini Raheli?"

Nilimtazama Juma nikiogopa kumwona anarudi alikokuwa. Lakini yeye alikuwa ameshasogea kwenye boneti, anapapasa betri.

"Tulia, mzee. Ulikuwa na wagonjwa wawili kwenye kitanda kimoja. Mmoja tumemtibu, ndiyo maana sasa tunamsikia wa pili. Washa taa kubwa. Zaituni, kaa mbele, uzitazame. Mzee, jaribu kuwasha."

Ta!

"Taa zimefanya nini?"

"Hazikutikisika hata kidogo."

Hili nalo mliweke kichwani. Ukijaribu kuwasha, taa zikafifia mpaka kufa, betri ni dhaifu au nguzo zake zimeshika uchafu. Zisugue, zioshe kwa maji ya magadi, ukaze. Lakini taa zikibaki kali na stata, ile mota inayozungusha injini iwake, haizunguki, umeme upo. Haufiki, au ukifika haupati njia ya kurudi.

Juma alisimama akifikiri. Kisha akauliza swali ambalo sikulielewa, la choki, kile kishikio cha dashibodi chenye waya mrefu wa chuma mpaka kwenye injini, kinachovutwa injini ikiwa baridi.

"Mzee, leo alfajiri ulivyokuwa ukiwasha, ulivuta choki?"

"Nilivuta. Ilikuwa baridi."

"Ikawaje?"

"Ikaniunguza vidole! Hiki na hiki. Nikashangaa, injini baridi, choki ya moto."

Juma akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika boneti asianguke, na mimi nikacheka bila kujua nacheka nini, na mzee Samweli akatutazama kama tumepagawa. Halima alitoka ndani mbio kuja kuona ni nani anayecheka.

"Mzee wangu," akasema Juma alipopata pumzi, "choki yako imegeuka waya wa stata! Umeme unatoka kwenye betri unaingia kwenye stata, halafu lazima urudi kwenye betri. Unarudi kupitia kwenye injini, kisha kwenye mkanda wa nyaya unaounganisha injini na bodi. Mkanda ule ukikatika, umeme unatafuta njia nyingine yoyote ya kurudi. Wako umeona choki. Waya mwembamba kama ule, mzigo mkubwa vile, lazima uungue, na sasa nao umeshindwa, ndiyo maana stata inalia ta tu. Zaituni, ingia chini."

Nilitandika gunia, nikaingia. Niliyoyaona nilimweleza kama alivyotaka, kitu kimoja kimoja, na pale niliporuka jambo alinirudisha nyuma. Nyuma ya gia boksi nikaukuta mkanda wa nyaya za shaba zilizosukwa, umeota ukijani, umebaki kushikwa na nyuzi mbili tatu. Nyingine zote zilikuwa zinaning'inia kama pindo lililofumuka.

"Usiutoe bado," akasema. "Kwanza tupate uhakika. Chukua waya mnene wa kuazimia umeme, upande mmoja kwenye hasi ya betri, upande mwingine kwenye chuma cha injini, pasipo na rangi. Mzee, jaribu."

Injini ilishika hata kabla mzee hajaachia ufunguo vizuri.

Tulitengeneza mkanda mpya kwa kipande cha waya wa kuchomelea vyuma. Nilikwangua vyuma kwa msasa mpaka vikang'aa, maana rangi na kutu ni ukuta kwa umeme. Vichwa vya waya nilivibana kwa koleo kisha nikavizungushia uzi wa shaba, mshono wa kukaza, ule ule wa ukosi wa koti. Juma akapitisha kidole gumba juu yake, mara mbili.

"Umekaa," akasema.

Nimesifiwa na watu kwa nguo za harusi. Hakuna sifa niliyoisikia kwa mwili mzima kama neno lile.

Tulipomaliza, aliomba kitu. "Mzee, naomba niwashe mwenyewe." Tukampandisha kwenye kiti cha dereva. Alipapasa usukani, akapata ufunguo, akageuza. Ikawaka papo hapo. Akazima. Akawasha. Akazima, akawasha, mpaka mzee Samweli akasema, "Fundi, utanimalizia betri uliyoiponya." Juma akaacha mikono juu ya usukani na kuelekeza uso mbele. Niliyaona machozi. Nikawa na kazi ya ghafla ya kukusanya spana upande wa pili wa gari, na mzee Samweli, Mungu ambariki, akakumbuka kuwa anataka kuyakagua matairi.

Alipotaka kuondoka, mzee alimwambia Juma, "Kesho nampeleka Raheli nyumbani. Twendeni wote. Mama yako ananisimamisha kila nikipita. Anauliza kama mwanawe yuko na kazi nyingi kiasi hicho."

Juma akainamisha kichwa. "Hajui?"

"Anajua. Nani angeweza kumficha? Anangoja uje umwambie mwenyewe."

Mzee Samweli aliingia kwenye gari, akawasha, akazima, akawasha tena kwa raha zake. Alikuwa anaondoka Juma aliposema, "Kesho utapita hapa saa ngapi?"

Alipita mapema. Tulikwenda naye mpaka hospitali, na mbele ya lango alisimamisha gari, akageuza ufunguo. Mama Raheli alikuwa anatoka, ameshikiliwa na muuguzi, mdogo ndani ya kanga zake. Akasimama.

"Samweli! Umezima?"

"Nimezima," mzee akasema, kama mtu aliyenunua nyumba ya ghorofa.

Akampandisha mbele, akamwekea mto mgongoni, akachukua muda wake wote. Kisha akamwonyesha kale kataa. "Tazama hapa. Kanawaka. Sasa sikiliza." Injini ikanguruma, kataa kakazima, na mama Raheli akacheka huku ameshika tumbo lake lenye mshono, akimwomba asimchekeshe. Sisi tulikaa nyuma kwenye godoro, mimi, Juma na Halima. Katikati ya njia, pale pale ng'ombe walipowazuia safari ile, mzee alisimama bila sababu, akazima, akawasha. Tukamsikia mama Raheli anamwambia, "Sasa unacheza." Lakini sauti yake haikuwa ya kugomba.

Kinyangiri tulifika alizeti zikiwa zote zimegeukia upande mmoja. Mama mkwe alikuwa uani anapepeta. Aliona gari, akaweka ungo chini. Juma alishuka mwenyewe, akakosea hatua, akasimama. Mama yake alimfikia, akauchukua uso wake kwa mikono miwili yenye vumbi la nafaka, akapitisha vidole gumba juu ya yale macho, polepole, moja kisha la pili. Walisema kwa Kinyiramba. Mimi nilikulia mjini, sikuelewa yote. Nilielewa tu kwamba Juma alikuwa anaomba radhi kwa kuchelewa, na mama alikuwa hataki kuisikia.

Baadaye tulikaa, tukapewa uji. Mama mkwe alinigeukia kwa Kiswahili.

"Na wewe mwanangu, bado unashona?"

Kabla sijafungua mdomo, Juma akasema, "Hapana, mama. Huyu ni fundi wa magari."

"Tangu jana, mama," nikasema kwa aibu.

Mama mkwe hakucheka. Akanishika mikono, akaigeuza viganja juu, akaona oili imejaa kwenye kucha na mchubuko uliotoka nyuma ya dashibodi. Akafikiri kidogo.

"Jirani hapo ana trekta," akasema. "Lina siku nyingi limelala. Wanasema ni betri."

Juma aliweka bakuli chini. Tulitoka na uji ukiwa bado una moto, tukikata katikati ya alizeti, Halima mbele na mama mkwe nyuma yetu akieleza, na Juma akiniuliza hata kabla hatujaliona hilo trekta:

"Wakigeuza ufunguo linalia, au liko kimya? Na taa, Zaituni, likiwa linalia taa zinafanya nini?"